Vita vya Dakika 38: Ni Nani Aliyeshika Saa?

Twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Jioni moja, baada ya katekesimu, tuliwaandalia vijana wa parokia mashindano ya maswali. Maswali tuliyaandika kwa mkono wetu, na moja lilikuwa hili: "Ni vita gani vilivyokuwa vifupi kuliko vyote vilivyopata kupiganwa duniani?" Jibu tulilolitaka ni vita vya Waingereza na Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, dakika 38. Kijana mmoja alijibu sawasawa, akapata pointi zake. Mwenzake akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, hiyo si vita, hata nusu ya mechi haikufika!" Wote wakacheka. Nasi tukacheka.

Mama mmoja mzee aliyekuja kumchukua mjukuu wake alikuwa amekaa karibu na mlango. Yeye hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na watu walikufa wangapi?" Hatukujua. Dakika tulizijua, watu hatukuwajua. Tukamwambia, "Tutasoma, mama, tutakuletea jibu." Basi tumesoma, na tulipomaliza kusoma tumeona haya kwa swali letu. Habari hii husimuliwa kwa namna moja katika vitabu vya mambo ya ajabu, katika mashindano ya shule na katika simu za vijana wetu. Twataka leo kuipima namna hiyo, tuone ina kasoro gani, na kwa nini Mkristu hafai kuirudia bila kufikiri.

HABARI YENYEWE

Unguja si nchi ngeni kwetu. Kiswahili hiki tunachosali nacho hapa Kamatanda kilifika Katanga kwa midomo ya wafanyabiashara na wapagazi waliotoka pwani ile. Wapagazi walioajiriwa Unguja ndio waliobeba mizigo ya msafara wa Kapteni Stairs, ule uliokuja Bunkeya kwa jina la Mfalme Leopold wa Pili. Na tarehe 20 Desemba 1891, watu wa msafara ule walipomwendea Mfalme Msiri, Msiri aliuawa kwa risasi. Miaka mitano haijatimia, zamu ya Unguja nayo ikafika.

Tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Sultani alikuwa na kiti, na bendera yake ilipepea. Lakini mapatano yalisema kwamba mtu asikalie kiti kile pasipo idhini ya balozi wa Uingereza. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Siku ile ile Khalid bin Barghash, mwana wa Sultani Barghash wa zamani, aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza Sultani. Waingereza walimtaka mwingine, Hamud bin Muhammed.

Ndani ya jumba na kulizunguka walikusanyika watu wapatao 2,800 wa kulitetea: askari, watu wa mjini, watumishi wa nyumba, na watumwa. Walikuwa na mizinga michache. Miwili ilikuwa zawadi ya Kaizari wa Ujerumani, na mmoja ulikuwa wa shaba, wa karne ya kumi na saba. Bandarini walikuwa na merikebu moja ya Sultani, jina lake Glasgow. Waingereza nao walikuwa na manowari tano: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon na St George. Mkuu wake alikuwa Admirali Harry Rawson. Nchi kavu walikuwako askari 900 wa Unguja waliobaki upande wa Waingereza. Msomaji alishike neno hilo: ndugu walisimama pande zote mbili za uwanja.

Balozi Basil Cave alipeleka simu London kuuliza kama aruhusiwa kupiga. Jibu lilirudi kwamba wachukue hatua yo yote waionayo yafaa, ila wasijaribu jambo wasilokuwa na hakika ya kulitimiza. Khalid akaarifiwa: bendera ishushwe, jumba liachwe, mwisho ni saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Usiku wa kuamkia siku hiyo balozi mdogo wa Marekani, R. Dorsey Mohun, ambaye mbele yake alikuwa ametumika hapa Kongo, alistaajabia kimya cha mji. Aliandika kwamba siku nyingine usiku ngoma zililia na watoto walilia, lakini usiku ule haikusikika sauti hata moja.

Asubuhi Khalid alituma neno kwamba hatashusha bendera, wala hasadiki kwamba Waingereza watapiga. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ilianza. Jumba lilikuwa la mbao sehemu kubwa, likashika moto. Merikebu Glasgow ilijibu kwa mizinga yake midogo, ikazamishwa. Na yafaa tuseme kwa haki kwamba Waingereza waliwaokoa mabaharia wake kwa mashua zao. Yapata saa tatu na dakika arobaini bendera ya jumba ilianguka, mizinga ikanyamaza. Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani, na alasiri ile ile Hamud akakalishwa kitini.

Hiyo ndiyo habari. Sasa tuipime namna inavyosimuliwa.

KASORO YA KWANZA: SAA

Tazameni, wasomaji, ni mambo gani yaliyohesabiwa vizuri. Dakika zilihesabiwa. Wako wanaosema 38, wako wanaosema 40, wako wanaosema 45, nao hubishana sana juu ya dakika hizo saba. Makombora yalihesabiwa: yapata 500. Risasi za bombomu zilihesabiwa: 4,100. Risasi za bunduki: 1,000. Fedha nazo zilihesabiwa, maana wafuasi wa Khalid walilipishwa gharama ya makombora yale yale yaliyowapiga, pamoja na hasara ya maduka yaliyoporwa mjini wakati wa fujo, jumla rupia 300,000. Baharia mmoja Mwingereza wa manowari Thrush alijeruhiwa, na twajua cheo chake, twajua kwamba alipona.

Na watu wa Unguja? "Wapatao 500, waliokufa na waliojeruhiwa, wanaume kwa wanawake." Basi. Waliozikwa na waliopona wametiwa katika kapu moja. Wengi wa waliokufa waliungua katika moto wa jumba, na hakuna kitabu cho chote cha namna hii kinachomtaja mmoja wao kwa jina.

Hapo ndipo tulipoelewa swali la yule mama. Mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua hatazami saa. Saa iko mkononi mwa mtu aliyesimama kwenye sitaha ya manowari, mbali kidogo, mahali ambapo risasi hazimfikii. Anayesema "dakika 38" amekwisha kuchagua pa kusimama, hata kama hajui. Amesimama na mwenye mizinga. Wazee wetu walisema, msema pweke hakosi. Habari hii imesemwa na upande mmoja zaidi ya karne nzima, ndiyo maana haikosi, ndiyo maana inachekesha.

Sisi watu wa Likasi twapaswa kulijua jambo hili upesi kuliko wengine. Shimo la wachimbaji likibomoka, ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza lilibomoka kwa dakika ngapi? Twauliza: ni mtoto wa nani? Ameacha mke? Matanga yako wapi? Hata mtu ambaye hakumjua marehemu huenda kukaa matangani. Maarifa hayo hatukuyapata katika vitabu. Tumelelewa nayo, na Injili imeyatia muhuri. Kumbe, tulipoandika swali la mashindano, tuliyaacha maarifa yetu mlangoni tukaazima saa ya mtu mwingine.

Twasikia mtu akisema: "Lakini vita vifupi si heri kuliko virefu?" Ndiyo, siku moja ya mateso ni heri kuliko miaka kumi. Lakini tuulize kwa nini vilikuwa vifupi. Havikuwa vifupi kwa sababu ya huruma. Vilikuwa vifupi kwa sababu upande mmoja ulikuwa na manowari za chuma na upande mwingine ulikuwa na jumba la mbao. Mtu mzima akimpiga mtoto, ugomvi huisha upesi. Hatumsifu mtu mzima yule kwa upesi wake, wala hatumwandiki katika kitabu cha mambo ya ajabu.

KASORO YA PILI: KICHEKO

Wanaosimulia habari hii humfanya Khalid kuwa kichekesho: kijana asiye na akili aliyesimama mbele ya mizinga na kusema hawatapiga. Nao humwekea maneno ya wazee: mwenye nguvu mpishe.

Hatutaki kumfanya Khalid kuwa mtakatifu. Alikalia kiti kinyume cha mapatano ambayo nyumba yake ilikuwa imeyakubali. Aliwakusanya watu wake nyuma ya kuta za mbao, akazipanga pale kasha na marobota, kana kwamba vitu hivyo vitazuia makombora. Kisha yeye akatoka, akaokoka, nao wakabaki. Wengine husema alikimbia tangu mizinga ya kwanza, wengine husema alikaa zaidi. Vyo vyote vile, mwenye nyumba alifika mahali pa usalama na watumishi wake wakafia ndani. Bwana wetu alisema wazi juu ya mtu wa mshahara amwonaye mbwa-mwitu akaja akawaacha kondoo. Khalid naye aliishi hata mwaka 1927, akafia Mombasa, baada ya kukamatwa na Waingereza mwaka 1916 na kuhamishwa katika visiwa vya mbali. Alikuwa na miaka 31 ya kuyafikiri mambo ya asubuhi ile.

Walakini kosa la Khalid haliondoi swali. Mwaka 1893, Sultani Ali bin Said alipofariki, Khalid huyu huyu alikuwa amejaribu jambo lile lile: aliingia jumbani. Siku zile alizungumziwa, akaonywa, akatoka. Halikupigwa kombora hata moja. Basi mtu aliyetoka kwa maneno mwaka 1893, mwaka 1896 alipewa siku mbili tu. Ikiwa yako mambo ya kushangaza katika habari hii, hilo ndilo la kwanza, nalo halimo katika mashindano ya maswali.

Na lile neno "mwenye nguvu mpishe" lina hekima yake. Lamfaa mama anayevuka barabara ya magari ya shaba pamoja na watoto wake, laokoa maisha. Lakini halisemi kwamba mwenye nguvu ana haki. Tumelifanya neno la tahadhari kuwa hukumu ya mahakama. Ahabu alikuwa na nguvu, Naboti alikuwa na shamba la mizabibu. Hatusomi katika Maandiko kwamba Mungu alimcheka Naboti kwa kutompisha mfalme. Twasoma kwamba alimtuma nabii kwenda kumwuliza Ahabu juu ya damu.

KASORO YA TATU: UDHURU

Kuna wasimulizi wenye adabu zaidi. Hawa hawacheki. Husema: "Vilikuwa vita vya dakika chache, lakini tazameni matunda yake: utumwa ulikomeshwa." Neno hili ni zito, na hatuwezi kulipita mbio. Sisi Wakatoliki tunao mzigo wetu katika jambo hili. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja tangu miaka ya 1860, wakakomboa watumwa, kisha wakajenga misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kardinali Lavigerie mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri juu ya biashara ile. Na mababu zetu wa nchi hizi za bara walifungwa minyororo kupelekwa pwani. Utumwa ulikuwa dhambi kubwa, na aliyeupinga alitenda vema. Hilo hatulipunguzi hata kidogo.

Lakini tuulize mambo matatu.

La kwanza: je, mizinga ya tarehe 27 Agosti ilipigwa kwa ajili ya watumwa? Hapana. Ilipigwa kwa sababu ya kiti: ni nani achague Sultani, na bendera ya nani ishuke. Amri ya kufuta utumwa ilitolewa na Sultani Hamud mwezi Aprili 1897, miezi mingi baadaye. Nayo amri ile haikumfungulia kila mtumwa mlango. Mtumwa alipaswa mwenyewe kwenda barazani kuomba uhuru wake. Bwana wake alilipwa fidia, yeye hakulipwa. Na masuria waliachwa nje ya amri hata mwaka 1909.

La pili: je, hapakuwa na njia nyingine? Palikuwa nayo, na ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1873 balozi John Kirk alimwonya Sultani Barghash kwamba manowari zitaziba njia ya bahari. Barghash alitia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Vitisho vilikuwapo, ni kweli, lakini hakuna nyumba iliyoungua. Soko lenyewe, jambo baya kuliko yote, lilifungwa bila kombora.

La tatu, nalo ndilo lililotuumiza tulipolisoma: ni nani waliokuwa ndani ya jumba? Pamoja na askari walikuwamo watumishi na watumwa wa Sultani. Hawakuchagua Sultani, hawakutia sahihi mapatano, hawakupokea simu ya London. Bwana wao aliwaweka mbele, na mizinga iliwakuta pale. Basi anayesema makombora yale yaliwafungulia watumwa mlango wa uhuru, na amtafute kwanza mtumwa aliyeungua katika jumba la mbao, amwambie yeye.

MAFUNDISHO YA KANISA

Hatusemi haya kwa hasira ya siasa. Kanisa limetupa kipimo, nasi tulikisoma seminarini kabla ya kupewa chaki ya katekista. Mtakatifu Agostino na Mtakatifu Tomaso wa Akwino walifundisha kwamba vita haviwi haki kwa sababu mfalme ameviamuru tu. Lazima sababu iwe ya haki na nia iwe njema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2309, yaongeza masharti: madhara ya mshambuliaji yawe mazito, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawe na tumaini la kweli la kufaulu, na silaha zisilete uovu mkubwa kuliko ule unaotaka kuondolewa.

Rudini sasa kwenye ile simu ya London. Ilisema: msijaribu msilokuwa na hakika ya kulitimiza. Yaani katika masharti ya Kanisa ilishika moja tu, la kufaulu, na hilo lilitimia sana. Juu ya njia nyingine, kimya. Juu ya watu wa nyumba, kimya. Mwenye nguvu nyingi huona upesi kwamba atashinda, na kwa kuwa ataliona hilo, huacha kujiuliza mengine. Hiyo ndiyo hatari ya roho ya taifa kubwa, na ndiyo hatari ya mtu ye yote aliye na nguvu: baba nyumbani, mkuu kazini, hata mwalimu wa dini mbele ya watoto.

Wala hatari hiyo haikuzikwa na watu wa mwaka 1896. Tarehe 25 Oktoba 1983 majeshi ya Marekani yalishuka katika Grenada, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi. Siku sita kabla yake waziri mkuu wa pale, Maurice Bishop, alikuwa ameuawa kwa risasi na askari wa upande wa wapinzani wake, na hofu ya watu ilikuwa ya kweli. Wenyeji wengi waliwapokea Wamarekani kwa furaha. Hatulifichi. Lakini hospitali ya wagonjwa wa akili ilipigwa na ndege kwa kosa, wagonjwa wakafa vitandani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaumu vita ile kwa kura 108, na 9 tu zikaitetea. Rais Reagan alipoulizwa habari ya kura hiyo, alijibu kwamba haikumharibia kabisa chakula chake cha asubuhi. Manowari za Unguja na ndege za Grenada zapishana miaka 87, na kicheko kingali kile kile.

NA SISI JE?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukiwa tumewalaumu watu wa mbali. Lakini tuna habari ya mji wetu wenyewe. Kuanzia tarehe 13 hata 17 Septemba 1961 palipiganwa vita hapa Likasi, siku zile mji ukiitwa Jadotville. Askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, 150 na zaidi, chini ya Pat Quinlan, walizungukwa na majandarma wa Katanga pamoja na mamluki. Wengi wa Waayalandi walikuwa katika Misa ya uwanjani risasi zilipoanza. Walipigana siku tano, wakaishiwa na maji na risasi, wakajitoa mikononi mwa adui. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Mwaka 2016 ilitoka filamu juu yao, na vijana wetu wameiona katika simu.

Ni filamu nzuri kwa mambo mengi. Inawarudishia heshima watu ambao kwao walifanywa kama waoga kwa miaka mingi. Lakini jaribuni kuitazama na swali la yule mama. Waayalandi wana majina, wana wake, wana barua za nyumbani. Watu wanaokimbilia bunduki zao na kuanguka hawana jina, hawana uso. Namba inayotajwa ya waliokufa upande ule ni 300 hivi, namba ya jumla kama ile ya Unguja. Nao walikuwa wana wa nani? Wengine walikuwa wana wa Katanga hii, waliobatizwa katika makanisa haya. Vijana wetu huitazama filamu ile, na shujaa wa kigeni akipiga, hushangilia. Hawajui kwamba huenda babu ya mmoja wao ndiye anayeanguka. Tukizoea kushika saa ya wengine, mwisho tutaishika hata juu ya kaburi la nyumbani.

Hatusemi vijana wasitazame filamu, wala wasicheze mashindano ya maswali. Kujua ni kuzuri, na mashindano huamsha akili. Twasema hivi: katekista, mwalimu na mzazi waongeze swali moja. Ukifundisha vita, uliza ni nani waliokufa. Ukitaja namba, uliza ilihesabiwa na nani. Ukisikia vita fulani vilikuwa rahisi, uliza vilikuwa rahisi kwa nani. Maswali hayo hayahitaji vitabu vingi. Yule mama hajui kusoma, naye ndiye aliyetufundisha.

Sisi tumekwisha kulibadili swali letu katika daftari. Sasa lasema: "Tarehe 27 Agosti 1896 katika jumba la Sultani wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Eleza walikuwa ni watu gani, na ni njia gani nyingine iliyokuwako." Ni swali gumu, na halichekeshi. Vijana walilijibu vibaya mara ya kwanza. Mara ya pili mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, walikuwa watumishi wa nyumba, hawakuulizwa kitu." Tulimpa pointi zote.

Yule mama naye tulimpelekea jibu, tukamkuta uani akipepeta mahindi. Tulimwambia namba, tukamwambia pia kwamba majina hayakuandikwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Walikuwa Wakristu?" Tukasema, "Hapana, mama, karibu wote walikuwa Waislamu." Akasema, "Ni watoto wa watu. Mwezi wa marehemu uwaandike kwenye karatasi ya Misa."

Padre amekubali. Mwezi wa Novemba, katika Misa ya kuwaombea marehemu, kati ya majina ya watu wetu patasomwa mstari mmoja usio na jina: wale waliokufa katika jumba la Unguja, na wale wote walioanguka katika vita vya mji wetu mwaka 1961, wa pande zote. Anayetaka kusali nasi, na aje.